Kesho ya Fundi

"Fundi, bado tu?"

Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti juu ya magazeti katikati ya sebule, kabureta ameifumua vipande vipande kwenye sinia, na mkononi ameshika sindano ya cherehani akizibua kitundu chembamba kama unywele.

"Kesho, mzee."

"Kesho!" Mzee akacheka kwenye kiti chake cha dirishani. "Mafundi nyie, kesho yenu haichomozi jua."

Viatu alikuwa ameshavaa, na kamba amefunga. Alivivaa hivyo kila asubuhi tangu miezi minne iliyopita, siku alipokutwa barabara kuu akitembea na soksi, akimwambia kila mpita njia kwamba anakwenda kumfuata mke wake kwao. Fundi ndiye aliyemrudisha. Njiani akamwambia: safari ndefu namna hiyo haiendwi kwa miguu, mzee, ngoja nikutengenezee pikipiki yako.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani, silinda moja, gia mguu wa kulia na breki wa kushoto, kinyume na za leo. Miaka tisa ilikuwa imelala stoo chini ya turubai, panya wakazalia kwenye siti. Nati zake zilikuwa za vipimo vya inchi. Spana za siku hizi ziliteleza tu. Na fundi hakusomea popote. Alijifunza zamani kwa kushika tochi na kupokeza spana, akiangalia mikono ya mwenzake, mpaka ya kwake nayo ikajua. Hata ovaroli lilimpwaya, mikono ameikunja mara tatu.

"Ovaroli zuri hilo," mzee alimwambia siku moja. "Nami nilikuwa na kama hilo."

"La kazi tu, mzee."

"Una mwenzako nyumbani?"

"Ninaye."

"Anajua kwamba unashinda huku kutwa?"

Fundi alikaza nati iliyokwisha kukazika. "Hajui."

"Si vizuri hivyo. Mwambie. Atakutafuta."

Kazi ilikwenda, bandika bandua. Tangi alilisukasuka na kokoto ndani mpaka kutu ikatoka kama uji mwekundu. Vavu alizisaga kwa mkono. Ringi za pistoni zilisubiriwa wiki sita kwa posta. Mchana mmoja, wakati fundi anahangaika na magneto, ile ya kutoa cheche, mzee aliinuka, akamnyang'anya bisibisi, akairekebisha kwa mizunguko miwili bila hata kuinama sana. "Hapo sasa," akasema. Kisha akaitazama bisibisi mkononi mwake, akauliza ni ya nani.

Fundi aliingia jikoni, akafungulia bomba la maji kwa nguvu, ili asisikike.

Jumapili alikuja binti wa mzee. "Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia wote wawili. Mzee akaongeza kwa adabu, "Karibu, mwalimu." Binti hakuwahi kuwa mwalimu.

Jikoni alinong'ona, "Haijaisha tu?"

"Imeisha wiki ya pili sasa. Kabureta naifumua na kuirudisha tu. Imebaki kuiwasha."

"Basi usiiwashe. Ikiwaka atataka kuondoka. Utamzuia na nini tena?"

"Daktari kasema masikio ndiyo yanayosahau mwisho. Mlio ule kauzoea miaka arobaini. Pengine ukimfikia…"

"Na usipomfikia?"

Fundi alisugua vidole vyake kwa sabuni, kimoja kimoja. Weusi wa oili haukutoka.

Jumatatu saa nne asubuhi alipiga moyo konde, akaisukuma uani. Mzee akasimama mlangoni, kofia kichwani. Fundi alipiga kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ilimrudishia mguu karibu imwangushe. Ya tano pikipiki ikakohoa, ikatema moshi wa bluu, halafu ikanguruma, tu-tu-tu-tu, vyombo vikatetemeka kwenye kabati na jirani akachungulia juu ya ukuta.

Mzee alishuka ngazi mbili za mlango kama kijana. Aliweka kiganja juu ya tangi, akafumba macho. Alipoyafumbua alimgeukia fundi, akamtazama usoni, moja kwa moja, kitambo kirefu, kama ambavyo hakuwahi kumtazama kwa miaka miwili. Midomo ikamtetemeka.

"Fundi," mzee akasema, "Mungu akubariki."

Fundi alifuta mikono kwenye ovaroli. "Amina, mzee."

"Mke wangu atafurahi! Unajua sijamwona siku nyingi sana?" Mzee akashusha sauti, kwa aibu. "Na wala sikumbuki nilimkosea nini mpaka akaondoka."

"Hukumkosea kitu."

"Wewe utajuaje, fundi? Humjui."

Fundi akazima injini. Ua ukawa kimya ghafla, wakasikia chuma kikipoa, tik, tik. Kisha akauliza swali ambalo kwa miezi minne hakuthubutu kuliuliza, kwa kuogopa jibu lake.

"Anaitwa nani, mke wako?"

Mzee hakusita hata kidogo. Alilitaja jina lote, na la baba yake juu, uso umemng'aa kama bwana harusi. Kisha akaligeukia lango, akaliita tena kwa sauti kubwa, lifike huko aliko.

"Abee," akaitika fundi nyuma yake. "Nipo hapa, mume wangu."