Zulekha

Mwajabu alilipenda jina la Zulekha, ila majina yake ya mkato yalimchefua.

"Hujisumbui bure, wifi?" dada wa mumewe akamcheka. "Hajaota meno watakuwa washamwita Zule, au Zuu kama bibi yule wa ng'ambo ya njia."

Mtaani kwao, mama huliita jina kwanza mlangoni, alisikie linavyotoka, ndipo mtoto apewe. Basi Mwajabu akampakata mwanawe, akaita kama anayemwita mtoto aje kula:

"Zulekhaaa!"

Mlango wa ng'ambo ukafunguka. Akatoka Bi Zuu, kikongwe ambaye hapo mtaani hakuna aliyemjua kwa jina jingine.

"Abee, mama!"

Bibi alikuwa anavuka njia peku, mbiombio, fimbo kaiacha mlangoni.