Punda na Shairi la Bintiye

Punda alikuwa na binti hodari wa kutunga mashairi, na porini hapakuwa na masikio ambayo hayajachoshwa na habari hiyo. Swala alipomwalika binti aghani harusini kwake, Punda alimtangulia jukwaani.

"Sauti yako bado changa, mwanangu. Mpishe baba."

Akaghani beti zote amefumba macho kwa fahari. Alipoyafumbua, mikeka ilikuwa mitupu. Alibaki Kobe peke yake, uso kauelekeza mlangoni.

"Naona shairi limekugusa, mzee mwenzangu."

"Mimi nilianza kuondoka tangu ubeti wa kwanza," Kobe akamjibu.

Hapo Punda akacheka mpaka masikio yakamlegea, akamgeukia bintiye.

"Harusi ijayo utaghani mwenyewe, mama. Mimi nitabeba mikeka."