Lenzi Isiyovuta

Mzee Shamte aliigeuzageuza ile kamera ndogo mkononi, akaustaajabia wepesi wake. Ya kwake ya studio, enzi zile, haikubebeka na mtu mmoja.

"Mzee, kwa bajeti yako utapata kamera na lenzi moja tu," alisema Yusra, mwenye duka. "Hii inavuta vya mbali. Hii nyingine haivuti. Ukitaka mtu awe karibu, umsogelee mwenyewe."

"Nifungie isiyovuta hapa kwenye kamera, niijaribu."

Akamsimamisha mkewe, Mama Rehani, aliyekuja naye, mbele ya ukuta. Jua la mlangoni lilipiga kwenye kioo cha nyuma ya kamera, asione kitu. Basi akaomba kanga ya mkewe, akajifunika kichwa pamoja na kamera, kama alivyozoea kujifunika kile kitambaa cheusi cha studio. Yusra akauma midomo asicheke.

"Tayari?" sauti ilitoka ndani ya kanga.

Kusikia hivyo, Mama Rehani akajisogeza pembeni upesi. Miaka yote ya studio, kazi yake ilikuwa kuwachana wateja nywele na kuwanyooshea kola, na mumewe akisema tayari, yeye hutoka kwenye picha.

Mzee Shamte akabaki anatazama ukuta mtupu.

"Mama Rehani," akaita, "mteja leo ni wewe."

Mkewe akarudi polepole. Mikono yake ikainuka kutafuta kola ya kunyoosha, ikaishia shingoni mwake mwenyewe. Na ile kanga, na mzee ndani yake, ikaanza kumsogelea.