Msumari wa Fundi Makame

Pesa za Msellem zilitosha kitu kimoja tu: tanga jipya, au mbao mpya za ubavuni. Akamwita fundi Makame aikague mashua yake kuukuu, iliyopandishwa ufukweni.

Fundi aligonga ubavu wote kwa nyundo, akisikiliza. Chini, karibu na mkuku, uti wa mashua, akatoa msumari wake, akausukuma ubaoni kwa kidole gumba. Ukazama mpaka kichwani.

"Nunua tanga," akasema.

"Na mbao je, fundi?"

"Tanga utalihamishia chombo kingine."

"Chombo kipi, Makame? Mimi nina hiki tu."

Fundi akauchomoa msumari, akaufuta kwenye suruali, akaondoka bila kudai ujira.

Msellem akapiga magoti mchangani, akaliziba lile tundu kwa kidole, kana kwamba maji yalishaanza kuingia.