Kipande cha Ukuta

Mama mpishi alishika mchoro wa mkahawa mpya, mafundi wakisubiri. Binti yake, aliyeuchora, akaanza kutafuna penseli. Jiko lote alilizungushia vioo ili wateja waone chakula kinavyopikwa. Lote, isipokuwa pembe moja.

"Hapa nitakaposimama mimi, mbona umeweka ukuta?"

"Wa kuzuia moshi, mama."

"Moshi? Na majiko umeyachora kule?"

Mama akainua mwiko kutoka kwenye sufuria iliyokuwa ikichemka kando yake, akadondosha mchuzi kiganjani na kuulamba, ulimi wote nje, kama miaka yote. Kisha akamvuta binti mkono, akamdondoshea na yeye.

"Haya, chumvi imekolea?"

Binti alishalamba, ulimi wote nje vilevile, alipogundua mafundi wote wanamtazama.

"Bado kidogo," alisema, akaanza kutafuta kifutio.