Vidole vya Sekela

Siku hizi fundi hafundishwi. Anapandikiziwa kichwani ujuzi wa mikono ya mwenzake. Mkude alipewa wa Sekela, mwanamke wa Tukuyu ambaye yeye hajawahi kumwona, na tangu hapo visu vya mashine yake, vyembamba kama unywele, havivunjiki ovyo vikichonga chuma.

"Kinazunguka mbio sana," alimweleza mkewe, Mwanahawa. "Ukikisukuma haraka, kinakatika. Ukikisukuma polepole mno, kinasugua tu bila kukata, kinapata moto na kufa. Sekela anajua pa katikati."

"Sekela, Sekela. Mlete basi aje atupikie."

Mkude alicheka. Alimkalisha binti yao katikati ya magoti akaanza kumsuka, yeye ambaye hata kumfunga kamba za viatu kulikuwa kukimshinda. Mistari ilinyooka kama imechorwa.

"Baba Zuhura, urudishe huo ujuzi wa watu."

"Nikiurudisha, kazi sina."

Mtoto alipoinuka, Mwanahawa aliketi pale pale, akainamisha kichwa, akikusudia kulalamika kwamba anaumizwa. Vidole vikapita utosini mwake. Hakuumia popote. Aliona wivu, naye akaomba moyoni visisimame.