Mtu wa Kashovu

Wilispana, ile spana ya magurudumu, haikuwa mahali pake kwenye buti la gari. Thaddée aliilaza kwenye kiti cha abiria, akaifunika kwa koti lake la kanisani, akaondoka mjini Savage, Minnesota, asubuhi ukungu ukiwa bado juu ya mto.

Simu iliita alipokuwa anaiacha Saint Paul nyuma. Alikuwa Perpétue, mkewe.

"Papa Kirezi, umeshafika kazini?"

"Niko njiani. Leo kuna ovataimu. Msiningoje kula."

Kule Shakopee, kwenye ghala alikofanya kazi, siku hiyo hakuwa na zamu kabisa. Alizima simu.

Tangu Jumapili hakuwa amelala vizuri. Baada ya ibada, shemasi Anicet alimvuta pembeni, uso umejaa furaha.

"Ndugu yangu, nimepata mtu wa kwenu! Anaitwa Janvier. Anachuma matufaha huko La Crescent, milimani. Anasema siku ile ya moto alikuwa Kashovu."

Thaddée alimsogeza mbali zaidi na watu. "Yukoje?"

"Mrefu, mpole. Sikio la kushoto hana. Anakuulizia sana. Anataka kujua unakaa wapi, unafanya kazi wapi. Nimpe namba yako?"

"Usimpe," Thaddée alisema, haraka mno. "Nitamwendea mwenyewe."

Sikio la kushoto. Thaddée alijua lilivyokatika.

Kanisani hakuna asiyejua habari za Kashovu, kijiji chao, maana kila mwaka Thaddée alisimama mbele kuzisimulia. Watu walivyofungiwa katika ghala la maharagwe. Mlango ulivyopigiliwa misumari. Petroli. Waliokuwa ndani walivyoanza kuimba wimbo wa dini, na wimbo ulivyogeuka kuwa kitu kingine. Watoto waliorushwa dirishani ili wapone walipokewa nje kwa mapanga. Mmoja tu aliponyoka, kwa kutoboa paa. Hapo sauti ya Thaddée ilikatika, akina mama wakalia, na hakuna aliyethubutu kumwuliza zaidi.

Baada ya mji wa Red Wing vilima vilisogea hadi ukingoni mwa lami. Aliiacha barabara kuu ya mtoni, akafuata ile ya juu isiyo na magari. Miaka yote alidhani Minnesota ni nchi ya tambarare tupu. Sasa gari lilipanda, likashuka, likapanda tena, masikio yakaziba, na chini mabondeni mashamba yalionekana madogo kama mikeka. Ilikuwa kama kwao. Kila alipokunja kona alitazamia kuiona Kashovu, na moshi.

Kwenye mteremko mmoja kulungu aliruka kutoka kichakani. Breki zililia. Gari lilimpiga ubavuni na kumtupa mtaroni.

Thaddée alishuka. Mnyama alikuwa hai, miguu ya nyuma imevunjika, akijikokota kwa ile ya mbele huku macho yamemtoka. Thaddée alirudi kuchukua wilispana. Alimpiga nyuma ya masikio. Hakuhitaji kurudia.

Mzungu mmoja mzee alisimamisha pikapu yake, akashuka, akamwangalia kulungu, kisha akamshika Thaddée bega.

"Umefanya vizuri," alimwambia. "Wengine hupita tu, wakamwacha ateseke."

Thaddée alishukuru, akakipangusa chuma kwa majani, akaendelea na safari na taa moja iliyopasuka.

Shamba la matufaha lilitanda mgongoni mwa kilima. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Binti aliyekuwa akiuza juisi getini alinyoosha mkono kuelekea juu.

"Janvier? Yuko safu za mwisho kule. Wenzake wamekwenda kula, yeye hakutaka kushuka."

Thaddée alipanda kwa miguu, koti limefunika mkono ulioshika wilispana. Aliona kwanza ngazi, halafu mabuti mawili kati ya matawi. Mtu alikuwa akiimba polepole kwa lugha ya kwao.

Aliipiga ngazi teke.

Janvier alianguka kifudifudi, na matufaha yakabingirika mteremkoni. Hakupewa nafasi ya kusimama. Pigo la kwanza lilivunja mkono aliouinua kujikinga. La pili lilimpata mbavuni, na Thaddée akasikia zikialika. Lakini Janvier alimdaka miguu, akamwangusha, akamng'ata paja hadi damu ikatoka. Walibingirika juu ya matufaha yaliyopondeka, wakitweta, bila kelele, mpaka Thaddée akamkalia kifuani na kumkandamiza koo kwa kiwiko.

Kofia ilikuwa imemtoka Janvier. Palipokuwa sikio palikuwa na kovu lililonyooka, la panga.

"Umemwambia nani?" Thaddée alimnong'oneza. "Sema! Umemwambia nani?"

Bondeni trekta liliwaka, likaanza kupanda na wachumaji. Pigo moja zaidi lingetosha. Thaddée aliinua chuma.

Janvier alitema damu na jino. Hakuomba huruma. Alimtazama usoni, taratibu, kama anayetaka kuhakikisha.

"Sijamwambia mtu, Komanda," alisema. "Nilikutafuta nikuulize tu, mama yangu mlimzika wapi."